Wenyeji na Wageni Katika Mji Wetu

Katika wiki hizi za karibuni zimetufikia barua na maneno ya mdomo kutoka matawi yetu ya mjini na ya mashamba, na karibu zote zazungumzia jambo moja. Wanachama wasema kwamba mji umeingiliwa. Wasema kwamba mtu aliyezaliwa Malindi au Kiponda sasa apita katika vichochoro vya kwao kama apitaye katika mji wa watu. Kwamba kodi ya chumba kimoja Ng'ambo imepanda hadi kijana aliyekwisha posa hathubutu kuoa. Kwamba kazi za mahoteli zawaangukia waliofika juzi. Na kwamba wakati umefika chama kiseme wazi juu ya wageni. Barua mojawapo ilituuliza kwa ukali kama sisi tuandikao karatasi hii tu vipofu au tumefumbwa macho.

Hatukufumbwa. Tutasema, na tutasema tuyaaminiyo, ijapokuwa baadhi ya waliotuandikia hawatapendezewa nayo.

Kwanza twakiri kwamba malalamiko haya yana kweli ndani yake, wala si ya kupuuzwa na mtu anayedai kuwatumikia watu. Hesabu ya watu ya mwaka 1958 iliwapata watu 299,111 katika Unguja na Pemba pamoja. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake ulikuwa na watu 593,678 mwaka 2012, na ilipohesabiwa tena mwaka 2022 walionekana 893,169. Toa moja katika nyengine, utaona kwamba kwa miaka kumi mkoa mmoja umeongezewa watu 299,491, yaani umepokea visiwa vizima vya zama za bibi zetu, na juu yake mia kadhaa. Ndani ya hesabu hiyo wamo watoto waliozaliwa hapa hapa, wamo waliotoka Makunduchi na Micheweni kufuata skuli na kazi, na wamo waliovuka bahari kutoka Bara. Wote wanahitaji maji, njia, chumba na kaburi. Tena hatujawataja watalii, ambao mwaka 2019 walikuwa 538,264 na mwaka 2023 wakafika 638,498, na kila mmoja katika hao alilala mahali fulani, na mahali hapo palikuwa pa mtu mwengine kabla ya kuwa pake.

Namna watu wanavyotoka majumbani mwao yafaa ielezwe polepole, kwa sababu wengi waiona mwisho wake tu. Nyumba ya Mji Mkongwe si kama nyumba ya matofali ya saruji. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari yake imebebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Nyumba kama hiyo huishi miaka mia na zaidi maadamu paa halivuji. Paa likivuja masika mawili matatu, boriti huoza vichwani, pale zinapoingia ukutani; ukuta hukosa cha kuushika; hufanya tumbo; na usiku mmoja wa mvua huporomoka. Beit al-Ajaib yenyewe, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 na ambalo kila mgeni huletwa kulitazama, lilianguka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020, nalo limo katika matengenezo, likaua watu wawili. Ikiwa jumba la fahari la mbele ya bahari lilifikwa na hayo, nyumba ya mjane wa Mkunazini itaangaliwa na nani?

Basi mwenendo ni huu. Familia imo ndani ya nyumba ya Serikali au ya wakfu kwa miaka arubaini au hamsini. Kodi yake ni ndogo, nasi twashukuru kwamba ni ndogo, lakini kwa kuwa ni ndogo mwenye nyumba hatengenezi, na kwa kuwa nyumba si yake mpangaji naye hatengenezi. Au hutengeneza kwa saruji, ambayo huizuia chokaa isipumue na kuuharibu ukuta zaidi. Siku moja huja watu na karatasi kusema kwamba nyumba ni ya khatari, watu wahame. Wakaazi huhama, wengine kwa jamaa zao Fuoni, wengine Tomondo, wengine Mwera. Nyumba hukaa tupu. Baadaye hutokea mtu mwenye fedha za kuitengeneza, huandikiwa mkataba wa miaka mingi, majukwaa ya mafundi hupandishwa, na boriti mpya huingizwa. Mwaka unaofuata mlango ule ule wa kuchonga una kibao cha hoteli, na barazani pale wazee walipokuwa wakicheza bao na kunywa kahawa pamewekwa vyungu vya maua ili mtu asikae. Imamu wa msikiti mmoja wa mtaani atuambia kwamba zamani safu ya alfajiri ilimjaa, na sasa husali na watu watano, wawili kati yao walinzi wa mahoteli.

Haya ni ya kweli, na mwenye kuyaona akakasirika hatumlaumu. Swali letu ni moja tu: hasira hiyo iende kwa nani?

Katika tawi letu moja, ambalo hatutalitaja kwa kuwa wenyewe wanajijua, kijana mmoja alisimama mkutanoni akatoa shauri kwamba vijana wende sokoni wakawaondoe wauza mboga na wachuuzi wa Kibara, kwani hao ndio waliotujazia mji. Baadhi ya waliokuwapo wakampigia makofi. Akainuka bibi mmoja, mkaazi wa Vikokotoni, ambaye mwanawe alihamishwa katika nyumba ya Mji Mkongwe kwa njia ile tuliyoieleza, akamwuliza: "Mwanangu, huyo muuza mchicha ndiye aliyetuletea karatasi ya kutuhamisha?" Kijana hakuwa na jawabu. Nasi tumelichukua swali la bibi huyo na kulifanya ndilo la tahariri hii.

Kwani mwenyeji wa mji huu ni nani, hata tumtenge na mgeni? Waulizeni Wahadimu na Watumbatu, watasema kwamba wao walikuwako kabla ya mji kuwa mji, na hapana awezaye kuwabishia. Ngome iliyo Forodhani yasimama mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Sayyid Said aliuleta utawala wake kutoka Maskati katika miaka ya 1830, na nyuma yake wakaja wafanya biashara wa Kihindi kutoka Kutch na Gujarat, Washihiri wa Hadhramaut waliochukua mizigo na kuuza kahawa, Wangazija na elimu yao, na maelfu kwa maelfu ya Wanyamwezi, Wamanyema, Wayao na wengineo ambao hawakuja kwa hiari, waliouzwa katika soko la Mkunazini hata lilipofungwa mwaka 1873. Waliokuwa hawana nafasi upande wa mawe walivuka hori ya maji wakajenga vibanda vya udongo na makuti, na upande huo ukaitwa ng'ambo, jina ambalo maana yake ni upande wa pili, hata ukaushinda mji wenyewe kwa wingi wa watu. Maji ya hori yamekwisha jazwa udongo zamani. Tumebakiwa na majina: Darajani, ambapo palikuwa na daraja, na Kisiwandui, ambapo palikuwa na kisiwa na waliougua ndui wakipelekwa huko wasituambukize. Kijana apitaye leo Kisiwandui kwa daladala haulizi kwa nini pakaitwa kisiwa.

Kisha ukaja Januari 1964. Waliokuwa na majumba ya mawe wengine waliuawa, wengine walikimbia, wengine walinyang'anywa, na majumba yakagawiwa familia zilizotoka Ng'ambo, mashamba na Pemba. Hatusemi haya ili kufufua kesi. Twayasema kwa sababu wengi wa waandikao kwamba wao ni wazaliwa wa Mji Mkongwe tangu na tangu, funguo zao walipewa wazee wao baada ya mwezi ule, katika nyumba ambazo waliotoka nao walidhani kwamba ni wenyeji. Ng'ambo nako kulikuwa na hamahama yake: mitaa ya nyumba za udongo ilibomolewa ili yapite majumba marefu ya Michenzani, na aliyekuwa na ua wake, mwembe wake na jirani yake alijikuta yu ghorofa ya tano. Sheria ya Mzanzibari ya mwaka 1985 nayo ikaichukua tarehe 12 Januari 1964 kuwa ndio mstari: aliyekuwa akikaa hapa hata siku hiyo, naye ni raia, ni Mzanzibari. Sheria hapana budi iwe na mstari mahali fulani. Lakini mtu na ajue kwamba ni mstari uliochorwa kwa kalamu, haukushuka na mvua.

Na katika wanachama wetu wako walio na sababu zaidi ya wote kulikumbuka hili. Ndugu zetu waliotoka Pemba wakafungua maduka Darajani na Mchangani wameitwa wageni katika mji huu mara ngapi? Wameambiwa mara ngapi warudi kwao, na kwao ni mwendo wa usiku mmoja kwa meli ya nchi hii hii? Tulipoambiwa hivyo tulisema kwamba ni dhulma. Haiwezekani neno moja liwe dhulma likisemwa juu yetu na likawa haki tukilisema juu ya mwengine.

Hapa yatupasa tuseme jambo ambalo watu wa kazi yetu hawapendi kulisema. Hii si mara ya kwanza kwa karatasi za vyama kisiwani humu kujaa maneno ya mwenyeji na mgeni. Katika miaka ya 1950, Mwongozi upande mmoja na Afrika Kwetu upande wa pili, na vijikaratasi vingi vidogo visivyokumbukwa hata majina, vilishindana wiki baada ya wiki juu ya nani mwenye nchi na nani mpitaji. Huyu aliambiwa kwamba kwao ni Bara na arudi huko. Yule aliambiwa kwamba kwao ni Arabuni na jahazi lamngoja. Waliokuwa wakiandika walikuwa watu wenye elimu, na wengine wao walikuwa na kalamu nzuri kupita yetu. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957 maneno yakawa vitendo. Wenye mashamba wakaanza kuwatoa watu waliokaa miaka nenda miaka rudi chini ya mikarafuu yao, wakilima muhogo bila ya kodi, na sababu ilikuwa ni upande waliopigia kura. Upande wa pili wakajibu kwa kugomea maduka. Jirani akaacha kununua kwa jirani. Watu wakaacha kuzikana.

Tarehe 1 Juni 1961, siku ya kupiga kura, ugomvi ulianzia mjini, na siku zilizofuata ukatoka kwenda mashamba. Watu 68 walikufa. Wengi wao walikuwa Waarabu, na wengi katika hao walikuwa Wamanga wenye vijiduka vijijini: watu maskini waliokuja karibuni kutoka Omani, wauzao sukari kwa kikombe na mafuta ya taa kwa kibaba, waliolala juu ya magunia yao. Hao hawakuwa na mashamba makubwa, wala hawakuketi katika Baraza la Kutunga Sheria, wala hawakumfukuza mtu yeyote chini ya mkarafuu. Waliokuwa na mashamba na vyeo hawakuguswa siku zile. Aliyeuawa ni mgeni aliyekuwa karibu, mwenye mlango mwembamba, asiye na mlinzi. Tumelieleza hili kwa urefu kwa sababu twaona kwamba shauri lililotolewa katika tawi letu ni hilo hilo, ila wauza sukari wamekuwa wauza mchicha. Na asiseme mtu kwamba hayo ni ya kale: Mei 2012 makanisa yalichomwa moto katika kisiwa hiki, na waliosali humo wengi wao walikuwa watu wa Bara waliokuja kufanya kazi. Hapana nyumba hata moja ya Mji Mkongwe iliyorudi kwa mpangaji wake kwa sababu ya moto ule.

Tutazame sasa wageni wenyewe, maana si wa namna moja. Yuko Mbara aliyekuja kuchimba misingi, kupika jikoni mwa hoteli, kuendesha bodaboda au kuuza nyanya. Huyu apanga chumba kimoja Chumbuni au Amani pamoja na wenzake watatu, na kodi alipa ya miezi sita mbele kama sisi tulipavyo. Yuko Mzungu, na siku hizi hata Mwarabu wa Ghuba, aliyeandikiwa nyumba nzima kwa mkataba. Na wako waliojenga Fumba, mahali palipotangazwa kuwa eneo huru la uchumi mwaka 1992, ambako nyumba zimekuwa zikitangazwa kwa bei ya dola na katika lugha ambayo wavuvi wa Bweleo hawaisomi. Ajabu yetu ni hii: wa kwanza ndiye tumwitaye mvamizi. Wa pili na wa tatu twawaambia karibuni, twawafungulia lango, na watoto wetu twawafundisha nyimbo za kuwalakia.

Na nani aliyewapa? Sheria ya ardhi ya mwaka 1992 imeiweka ardhi ya Zanzibar kuwa mali ya umma chini ya mamlaka ya Rais wa Zanzibar. Sheria nyengine, ya mwaka 2010, ikafungua mlango kwa mtu wa nchi za nje kumiliki fleti katika jengo la ghorofa. Tangu mwaka 1985 Mji Mkongwe una Mamlaka yake ya kuuhifadhi na kuuendeleza, na tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Maana yake ni kwamba hapana mgeni awezaye kuingia katika jumba la Serikali, la wakfu au katika kiwanja cha pwani kwa nguvu zake mwenyewe. Kila mlango uliofunguliwa una mkataba, kila mkataba una sahihi, na mwenye sahihi ana ofisi na saa za kazi. Atakaye kumjua aliyeuza mji na aende huko akaulize, asende sokoni.

Wazee wetu walilijua hili kuliko sisi. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo walikuwa na vibanda vyao, lakini viwanja vilikuwa vya wengine, na kodi za viwanja zikapandishwa mpaka zikawashinda. Wakagoma, wakakataa kulipa, na wanawake, ambao wengi wao walikuwa ndio wenye vibanda, walikuwa mbele. Waliokamatwa wakatolewa jela na umati wa watu. Mwishowe Serikali ya Kiingereza ikabidi iingie kati na kuzitia kodi hizo mpaka. Katika umati ule walikuwamo Wamanyema, Wahadimu, Wangazija, watoto wa watumwa na watoto wa waungwana. Na lau wangeanza kwa kuulizana nani alikuja lini, wangalikuwa wakiulizana hata leo na kodi ikipanda. Vivyo hivyo mwaka 1948. Wachukuzi wa bandarini walioanza mgomo mwezi wa Agosti walikuwa wengi wao watu wa Bara, wageni hasa kwa hesabu ya leo, na mji mzima ukasimama pamoja nao.

Sasa tuje kwetu wenyewe, na hapa ndipo tutakapopata barua nyingi. Nyumba zote hazimo mikononi mwa Serikali na wakfu. Ziko za watu binafsi, na watu hao ni jamaa zetu, na baadhi yao wana kadi za chama hiki. Twamjua mwanachama, mzungumzaji mzuri wa mikutano, aliyempa mpangaji wake wa miaka kumi na minane siku thelathini atoke kwa sababu amepata mtu wa kukodisha kwa watalii usiku kwa usiku. Mpangaji huyo ni mtoto wa mjini kama yeye. Jioni ile ile mwanachama wetu alikuwa barazani akilalamika kwamba mji umekwisha na wageni wameumaliza. Wako pia ndugu zetu waliokuwa Dubai, Maskati na London, waliorudi na fedha, Mungu awazidishie, wakanunua nyumba tatu tatu katika mtaa mmoja na kuzifunga wakingoja bei. Hao ni wenyeji kwa nasaba, na mlango uliofungwa na mwenyeji hauna tofauti na uliofungwa na mgeni kwa yule aliye nje.

Yaliyotokea Lamu yatazamwe. Kule Shela nyumba nyingi za mawe zimo mikononi mwa Wazungu, na wenyeji wengi walioziuza wamejenga nyuma, juu ya mchanga. Waliouza waliuza kwa hiari, kwa bei waliyoiona kubwa. Fedha zikenda na harusi na mashua, na nyumba haikurudi. Twasema haya bila ya kumdharau mtu, kwani baba mwenye mgonjwa na karatasi ya nyumba mkononi hana haja ya mawaidha yetu. Lakini iko miji iliyoona kwamba jambo hili si la mtu na nyumba yake tu. Barcelona, mji tajiri kuliko wetu, ulitangaza Juni 2024 kwamba ruhusa za fleti 10,101 za kukodishwa watalii hazitapewa umri mpya, na kwamba ifikapo Novemba 2028 zote ziwe zimekwisha. Wenye fleti wamelalamika sana, kama ilivyotazamiwa. Hata hivyo wenye mji waliweza kwanza kuzihesabu. Sisi hapa hatujui hata ni nyumba ngapi.

Kwa hiyo chama chadai, na kitaendelea kudai ndani ya Baraza na nje yake, kwamba daftari la mikataba yote ya nyumba za Serikali na za wakfu ndani ya mji liwekwe mahali ambapo raia aweza kulisoma: nyumba ipi, amepewa nani, kwa miaka mingapi, kwa kodi gani. Twadai kwamba familia inayohamishwa kwa ajili ya khatari ipewe karatasi yenye haki ya kurudi nyumba itakapotengenezwa, na kwamba kabla ya kumwita mwenye fedha wa mbali, mpangaji aulizwe kwanza kama aweza, yeye na majirani wake wakichangishana, au kwa mkopo wa kodi, kulitengeneza paa. Paa ni fedha chache ukilinganisha na ukuta. Juu ya nyumba za wakfu tuna neno la zaidi, kwani aliyeweka wakfu aliandika makusudio yake, nayo mara nyingi yalikuwa msikiti, kisima, maskini au kizazi chake. Nasi twataka kuona ni wapi palipoandikwa hoteli. Na kwa wenye nyumba binafsi twataka sheria ya kodi yenye meno, ikiwabana na wanachama wetu pia.

Liko jambo la vitambulisho na daftari la wapiga kura, ambalo barua nyingi zimelichanganya na hili. Malalamiko yetu kwamba wazaliwa wamenyimwa kitambulisho cha Mzanzibari, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 2005, huku wengine wakiandikishwa kura bila ya kutimiza masharti, ni ya chaguzi nyingi, nasi hatuyaachi. Lakini mashitaka hayo yawahusu waandikishaji. Mtu aliyeletwa kwa lori akaandikishwa amefanywa chombo. Hata akiondoka leo, kalamu iliyomwandika imebaki pale pale mezani na itamwandika mwengine.

Kazi ya matawi basi ni hii. Kila tawi la mjini lichague watu wawili wajuao kusoma na kuandika vizuri, mmoja wao awe mwanamke, kwa kuwa wanawake ndio wajuao nani alihama lini. Wapite mtaa kwa mtaa, kuanzia Malindi na Mchangani, waandike kila nyumba ambayo katika miaka kumi iliyopita imetoka katika mikono ya wakaazi: jina la nyumba au alama yake, familia ngapi zilikuwamo, zilihamia wapi, zilipewa karatasi gani, na sasa pana nini. Kabila la mtu lisiandikwe, wala la aliyetoka wala la aliyeingia. Karatasi zote ziletwe ofisini kabla ya mwisho wa mwezi. Asiye na karatasi aje, atapewa. Na viongozi wa lile tawi tulilolisema wamekwisha agizwa wende sokoni wenyewe, pamoja na yule kijana, wakamwombe radhi muuza mchicha kwa maneno aliyoyasikia, kwa kuwa tumepata khabari kwamba aliyasikia.